Chimni za Bethwel

Nakuru, Jumatatu, 10 Februari 2025

Cheptanui binti yangu,

Baba yako Bethwel alisema jana kanisani, akiwa amesimama mbele ya madhabahu na maikrofoni mkononi, kwamba mdogo wetu Kibii yuko Istanbul kwako, anajifunza kazi ya hoteli, na kwamba ameliachia boma la mama yetu kwa hiari yake. Hiyo ndiyo habari. Salamu zinafuata, kwa sababu miaka thelathini ya kuandikia gazeti imenizoeza kuanza na jambo na kumalizia na adabu.

Sisi ni wazima. Bibi yako, Kogo, anakusalimu. Mguu unamsumbua asubuhi, mchana anausahau, jioni anaukumbuka tena akiona kuna mtu wa kumwonea huruma. Baridi imepiga viazi vya Kuresoi, kwa hiyo kila mkulima amekuwa mtaalamu wa hali ya hewa. Mimi bado niko kazini. Mhariri mpya ni kijana anayeniita "mathe" na kunifundisha kuandika kichwa cha habari. Namwacha afundishe.

Nakuandikia barua badala ya kutumia lile grupu la familia kwenye simu kwa sababu msimamizi wa grupu ni baba yako, na swali nikiliuliza huko linafutwa kabla halijapoa.

Sasa jambo lenyewe. Jumba ambalo baba yako amekuwa akilijenga kwenye kilima kilicho juu ya boma la Kogo, huko Kuresoi, limefika kwenye paa. Ameliita Topkapi Palace Resort, na ubao wa jina ni mkubwa kuliko shule ya msingi iliyo karibu. Nilienda kuliona Jumamosi. Ukiwa mbali unaona safu ya vitu virefu vyeupe, kila kimoja na kofia ya mviringo, vimesimama kama chupa za maziwa kwenye rafu ya duka. Baba yako anaviita minara ya sultani. Watu wa hapo wanaona mabomba ya moshi tu, wanapaita Kwa Chimni. Mkandarasi ni Kinyanjui, mwenye karakana kule mtaa wa Rhonda, ambaye maisha yake yote amefinyanga matangi ya maji na misalaba ya makaburi. Sikushangaa kuona jumba limechukua kidogo kwa kila kimoja.

Lango kuu linatakiwa kupita pale nyumba ya Kogo iliposimama. Unajua mpangilio ulivyo. Babu yako aligawa shamba kabla hajafa, na kipande cha nyumba ya mama kikaandikwa jina la Kibii, kwa sababu kwetu kitinda mimba ndiye mrithi wa nyumba ya mama na moto wake. Kibii asipokubali mbele ya bodi ya ardhi, nyumba haiguswi. Ndiyo maana kukubali kwake kumetangazwa kanisani, mahali ambapo hakuna mtu anayeruhusiwa kuuliza swali.

Nina maswali mawili tu. Jumba la Uturuki analoliiga ndivyo lilivyo kweli? Na Kibii hajambo? Simu yake imezimwa. Kogo anamsalimu sana na anasema avae sweta.

Senge yako,
Linah Jemutai


Istanbul, Jumapili, 9 Machi 2025

Senge, shangazi yangu mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia kwamba mko wazima. Mimi pia sijambo. Huku ni mwezi wa Ramadhani. Mwenye nyumba wangu, bibi wa umri wa Kogo, ananiletea supu ya dengu kila jua likizama ingawa anajua sifungi, kisha anakaa kunitazama nikila kama mtu anayekagua kazi ya fundi. Masomo yanaendelea. Mwaka huu tunachora majengo ya zamani jinsi yalivyo, si jinsi tunavyotamani yawe, na wanafunzi wengi wanaona hilo ni gumu.

Umeuliza kuhusu Topkapı. Jumapili huwa naongoza wageni pale, hasa wanaotoka kwetu, na nakuambia ukweli: wengi hufika wakitafuta jumba na hawalioni. Wanatarajia jengo moja kubwa lenye ngazi, mahali pa kupigia picha. Kuna ua baada ya ua, na vijumba vifupi vimetawanyika kandokando. Sultani Mehmed alianza kujenga pale baada ya kuuteka mji huu mwaka 1453, na kila aliyekuja baada yake akaongeza chumba, baraza au kibanda cha kunywea kahawa, kama vile kwetu mtu anavyoongezea nyumba mabati akipata mtoto. Wakakaa hivyo karibu miaka mia nne. Mwishowe wakaona aibu mbele ya Wazungu, wakahamia jumba jipya la kando ya bahari lenye ngazi za kioo na taa nzito kuliko lori, na wakati huo serikali yao ilikuwa inakopa ili kula.

Kwenye lango la pili kulikuwa na sheria. Waziri, balozi, jemadari, kila mtu alishuka farasi na kuingia kwa miguu. Ni sultani peke yake aliyepita akiwa juu ya farasi. Wageni wetu wakisikia hivyo hutikisa kichwa kwa masikitiko, halafu wanauliza kama mheshimiwa waliyekuja naye anaweza kuletewa gari mpaka ndani.

Baba alipokuja kunitembelea mwaka juzi nilimpeleka. Unajua goti lake. Tulipopita lile lango la pili akaketi kwenye benchi na kusema hapo panatosha. Mbele yake kulikuwa na safu ndefu ya mabomba ya moshi yenye vikuba juu. Akayapiga picha kutoka kila upande na hakwenda hatua nyingine. Nilimwambia ni jikoni. Nilimwambia zaidi ya mara moja. Nikamweleza kwamba jiko lile liliungua mwaka 1574, likajengwa upya na Sinan, msanifu mkubwa kuliko wote wa wakati wake, na kwamba lilipika chakula cha maelfu ya watu kila siku. Akasema hakuna jiko duniani lenye utukufu kama ule, na kwamba nisimdharau kwa sababu ni yeye aliyenisomesha.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, Senge. Ndivyo lilivyo, jikoni.

Mwambie Kogo salamu zake zimefika. Na wewe, katika shamba hilo, unataka nini? Unaliandika kama jirani aliyechungulia kwenye ua.

Wako,
Cheptanui


Nakuru, Jumatatu, 24 Machi 2025

Cheptanui,

Salamu kutoka kwetu sote. Mvua imeanza. Mbuzi wa Kogo amezaa mapacha, na Kogo amewaita Sultani na Waziri bila kueleza nani ni nani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kama ninavyosoma taarifa ya polisi. Yaliyomo huwa nayapita haraka ili nione kilichoachwa. Nimewaona masultani, farasi, mabomba na bibi wa supu. Kibii hayumo. Mtu mzima, mrefu, anayekoroma, amekaa kwako tangu mwezi wa kwanza, na hajapata hata mstari mmoja. Hata paka angepata.

Kogo ananiuliza anakula nini huko. Nimemwambia dengu.

Baba yako ameisikia sheria yako ya farasi, sijui kutoka kwa nani, na ameipenda. Sasa kila gari linasimama kwenye lango la chini na watu wanapanda kilima kwa miguu, kwenye tope la Kuresoi, mwezi wa tatu. Gari lake peke yake ndilo linalopita. Juzi lilikwama katikati, likasukumwa na wale waliokatazwa kupita.

Wapima ardhi walikuja wiki iliyopita na kupigilia vigingi vyekundu kuzunguka nyumba ya Kogo. Kogo aliwakaribisha chai. Walipoondoka akafunga kamba kutoka kigingi kimoja hadi kingine na kuanika matambara ya jikoni. Baba yako alipolalamika, alimjibu kwamba alidhani mwanawe amemletea zawadi.

Unajua desturi yetu na baba yako anaijua. Nyumba ya mama haivunjwi moto wake ukiwa unawaka. Mpaka mwenyewe auchukue moto huo kwa mkono wake na kuuwasha kwingine. Kwa hiyo Bethwel anahitaji vitu viwili: sahihi ya Kibii na moto wa Kogo. Kimoja anasema tayari anacho.

Andika neno moja. Yuko au hayuko.

Umeniuliza mimi nataka nini. Kama nilivyosema, mvua imeanza.

Senge


Istanbul, Jumanne, 20 Mei 2025

Senge,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mitihani, na kabla ya mitihani lile tetemeko la mwezi wa nne. Hatukuumia. Mtaa wote ulikimbilia bustanini, isipokuwa mwenye nyumba wangu, ambaye alikataa kutoka kabla hajazima chai. Alipofika alitutazama tulivyovaa na kusema kwamba hata kifo kina haki ya kukuta mtu amevaa soksi. Angepatana na Kogo.

Nimeahidi mtu kwamba jambo fulani sitalisema. Mtu huyo ni mkali, ndiye anayenisomesha, nawe unamjua tangu alipozaliwa. Kuhusu historia sikuahidi chochote, kwa hiyo nakuandikia historia.

Zamani katika ukoo wa masultani hakukuwa na sheria ya nani arithi. Aliyewahi kiti ndiye aliyekalia, na ndugu zake wakawa hatari kwake. Mwaka 1595 mmoja wao aliingia madarakani na kuwanyonga ndugu zake kumi na tisa kwa mkupuo, wengine bado watoto. Mji ulitazama majeneza yakitoka langoni na ukachukizwa. Waliofuata wakatafuta njia ya upole. Badala ya kumuua ndugu, wakamfungia ndani ya jumba hilohilo, sehemu ya nyuma, penye vyumba walivyoviita Kafes. Maana yake ni tundu la ndege.

Si jela, Senge, usikosee. Ni vyumba vizuri kuliko vyote nilivyochora mwaka huu. Kuta zina vigae vya buluu, kuna meko, kuna makochi. Madirisha yanatazama ndani. Mle mtu alilishwa vizuri, alihudumiwa, aliitwa kwa cheo chake. Hakuruhusiwa kutoka wala kupata habari za nje isipokuwa zile ndugu yake alizotaka azipate. Wengine walikaa hivyo maisha yao yote, wakanenepa na kuogopa kila mlango uliofunguliwa. Watalii wanapiga picha za vigae na kusema, laiti ningekaa hapa.

Mwaka huu chumbani kwangu sijapokea mgeni yeyote kutoka nyumbani. Hilo ni jambo langu binafsi na naweza kulisema.

Ukienda Kuresoi tena, usisimame mbele kutazama minara. Pita nyuma ya jikoni.

Bado hujanijibu unataka nini.

Cheptanui


Nakuru, Jumatatu, 9 Juni 2025

Cheptanui binti yangu,

Tunaendelea vizuri. Waziri, yule mbuzi, ameanza kumpiga Sultani pembe. Kogo amepona mguu, au amechoka kuuzungumzia.

Nimepita nyuma ya jikoni.

Kwanza nilijaribu mbele, kama mtu mwaminifu. Kwenye lango la chini kuna askari anaitwa Achola, kijana mwenye adabu na koti linalomzidi. Aliuliza kama niko kwa listi. Nikamwambia mimi ni dada ya mwenye jumba. Akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Mathe, boss amesema hata dada. Amesema sana sana dada."

Nikamshukuru kwa usahihi wake. Nikazunguka kupitia shamba la viazi la jirani hadi upande wa nyuma. Pale kuna chumba kimoja kilichokamilika kabla ya vingine vyote. Kina vigae vya buluu ambavyo nimewahi kuviona kwenye choo cha hoteli moja hapa mjini, na dirisha lenye nondo zilizopindwa maua. Ndani kulikuwa na televisheni kubwa, kochi la ngozi, sinia ya nyama choma na mdogo wangu Kibii. Amenenepa. Mlangoni amebandikiwa cheo: Mkurugenzi wa Ukarimu. Mlango wenyewe unafungwa kwa nje.

Nilitarajia afurahi. Aliponiona alizima televisheni na kurudi nyuma mpaka ukutani.

"Dada, enda. Sitaweka sahihi."

Nikamuuliza sahihi gani. Hapo ndipo nilipopata habari yenyewe, na nakupa kama alivyonipa. Bethwel amemwambia kwamba mimi ndiye ninayetaka kuliuza boma la mama, kwamba nina wakili na polisi, na kwamba siku atakayotoka nje nitamkamata mkono na kumwekesha sahihi kwa nguvu. Kwa hiyo Kibii amekaa mle tangu mwezi wa kwanza akiamini kwamba anailinda nyumba ya mama yake. Huku nje Bethwel anasema mtu yuko Uturuki na amekubali. Simu yake ilichukuliwa ibadilishwe laini. Bado inabadilishwa.

Nilimweleza ukweli kupitia nondo, taratibu, kwa mpangilio, kama ninavyomweleza mhariri. Akasikiliza hadi mwisho.

"Bethwel alisema utasema hivyo hivyo," akanijibu, na akawasha televisheni.

Nimewahoji wauaji, mawaziri na wahubiri wa muujiza. Sijawahi kushindwa na mtu mwenye sinia ya nyama. Na polisi siendi. Akiulizwa atasema yuko pale kwa kupenda kwake, na litakuwa kweli.

Kogo sijamwambia alipo. Nilimwambia tu kwamba Kibii hayuko Uturuki. Akaendelea kumenya viazi. Halafu akaniuliza kitu kimoja: zile chimni za Bethwel, zina tundu? Nikamwambia sijui. Akasema nikuulize wewe unayesomea majumba.

Senge yako


Istanbul, Jumatano, 18 Juni 2025

Senge,

Salamu kwa wote. Mitihani nimepita. Bibi wa supu amenipikia kitu chenye bilinganya na amesema nimekonda, jambo ambalo si kweli.

Jibu la Kogo: za Topkapı zina matundu, ndiyo kazi yake. Kinyanjui alinitumia picha mwaka jana akitaka kujua kipimo cha vile vikuba. Nilimpa. Nikamuuliza moshi utatokea wapi. Akaniandikia kwamba mwenye kazi hataki tundu kwa sababu ndege watajenga viota, na kwamba ameziba zote kwa saruji na kupaka chokaa. Nilimwambia baba. Akaniambia palace si mahali pa kupikia.

Kuhusu lile jambo lingine, nakupa historia tena. Mwaka 1640 sultani mmoja alikufa na ukoo ukabaki na mwanamume mmoja tu, Ibrahim, aliyekuwa ndani ya Kafes. Mawaziri walikwenda kumwita atoke awe mfalme. Akaufunga mlango kwa ndani. Aliamini ni hila, kwamba nduguye yu hai na amewatuma kumuua. Walimbembeleza, wakaapa, wakamletea na maiti aione. Ilibidi aje mama yake. Yeye ndiye aliyemtoa.

Hilo ni la kweli na liko vitabuni. Sijasema neno jingine.

Cheptanui


Nakuru, Jumatatu, 14 Julai 2025

Cheptanui binti yangu,

Kogo amesema leo asubuhi kwamba Kibii amelala kwake tangu Jumamosi, kwamba anakoroma vilevile, na kwamba hakuna Uturuki iliyomrekebisha. Salamu zake ndizo hizo. Za kwangu ni kwamba sijambo, koti langu linanuka moshi na nimeandika habari ambayo mhariri amekataa kuichapisha kwa sababu, anasema, haiaminiki.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuhamisha moto. Bethwel alimwomba Kogo abebe makaa ya jiko lake mbele ya mashahidi na kuyawasha kwenye jumba, ili nyumba ya zamani iwe huru kuvunjwa bila ukoo kunung'unika. Aliandaa kila kitu. Katika kile anachokiita Ukumbi wa Sultani, chini ya chimni kubwa kuliko zote, Kinyanjui alijenga meko ya vigae. Walialikwa askofu, mwakilishi wa wadi na wazee wa ukoo. Wote waliacha magari kwenye lango la chini kwa mujibu wa sheria ya farasi, na askofu alifika juu akiwa na kiatu kimoja. Kingine kilibaki kwenye tope. Mimi nilikuwa kwa listi. Kogo alikuwa amesema bila Linah haendi.

Nilikuwa nimempa Kogo jibu lako kuhusu chimni, nikadhani angekataa. Alikubali mara moja, na hilo ndilo lililonifanya nibebe kalamu. Alikuja amevaa vizuri, makaa ndani ya chungu, na mzigo wa kuni alioufunga mwenyewe. Nilizitazama zile kuni. Zilikuwa za mti uliokatwa wiki hiyohiyo, gome bado linatoa maji. Sikuuliza. Mimi hulipwa kwa kuuliza, lakini sikuuliza.

Bethwel alitoa hotuba. Alisema palace hii ni kama ile ya Istanbul ambayo bintiye anaisomea, na kwamba masultani walitawala dunia wakiwa chini ya minara kama hii. Mwakilishi wa wadi akapiga makofi. Kogo akangoja amalize, akasema maneno yake machache kwa sauti ya kawaida.

"Moto ukikubali hapa, Bethwel, nahama kesho. Ukikataa, usiniulize tena."

Bethwel akasema ni sawa, mbele ya askofu. Wazee wakalishika neno hilo.

Kogo akapiga magoti, akamwaga makaa, akapanga kuni na kupuliza. Anajua kupuliza moto. Moshi ulipanda kwenye chimni kwa heshima zote, ukakuta saruji, ukarudi kutuambia. Kwanza ulitoka kidogo, watu wakakohoa kwa adabu. Kisha ukatoka wote. Askofu alikuwa wa kwanza mlangoni, na kiatu chake kimoja. Bethwel alipaza sauti akiwaambia watu watulie, ni kawaida, moto mpya huwa hivyo, mpaka yeye mwenyewe akakosa pumzi ya kusemea.

Kati ya ukumbi ule na chumba cha nyuma kuna ukuta ambao juu yake Kinyanjui ameweka mbao za urembo zenye matundu, kwa sababu aliziona kwenye picha. Katika jumba lote hayo ndiyo matundu pekee yaliyoruhusiwa. Moshi ukapita hapo. Tukiwa nje tukasikia mtu akigonga mlango kwa nguvu na kukohoa.

Achola alimtazama Bethwel. Bethwel alitazama viazi vya jirani.

"Boss, huyu mtu atakufa huku," Achola akasema. Hakungoja jibu. Alikwenda akafungua.

Kibii alitoka kwenye moshi na ndala za ngozi, fulana, na rimoti ya televisheni mkononi. Machozi yalikuwa yanamtoka, kwa hiyo hakuona mara moja ni nani wako nje. Alipotuona, mimi, wazee na askofu, aligeuka kurudi ndani. Nakuambia ukweli, aligeuka kurudi kwenye moshi. Ndipo Kogo alipozungumza.

"Kumbe Uturuki ni karibu hivi."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mzee mmoja, ambaye hakuweza kuacha. Kibii akasimama. Kogo alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Nilisema avae sweta. Huko hamna sweta?"

Kibii akasema hakuletewa ujumbe. Kogo akasema ujumbe ulitumwa mpaka Istanbul, labda ulipitia mbali. Halafu akarudi mlangoni, akajifunika pua kwa kitambaa, akayarudisha makaa yake kwenye chungu na kumpa Kibii abebe. Hakumkumbatia wala hakulia. Alimwambia asikimbie, upepo utayazima. Wakashuka kilima hivyo, yeye mbele na kitinda mimba nyuma na moto, wakapita lango la chini bila Achola kutazama listi. Nyumbani Kogo alikuwa ameacha jiko likiwaka wakati wote. Aliyabeba makaa mawili matatu tu.

Bethwel amesema kosa ni la Kinyanjui. Kinyanjui amesema mchoro haukuwa na tundu. Jana kanisani maikrofoni ilishikwa na mtu mwingine.

Usidhani imekwisha. Bethwel ana karatasi aliyoipeleka kwa bodi ya ardhi, inayosema Kibii aliondoka nchini mwezi wa kwanza na kwamba alikubali akiwa kwako. Jina lako limo kama mwenyeji wake. Kibii, baada ya Kogo kumweleza ukweli, ameniambia kwamba mbele ya bodi atasema mwenyewe hakwenda popote wala hakukubali chochote, na namwamini. Lakini ni mtu aliyekaa nusu mwaka akiogopa dada yake, na Bethwel atakuwa ameketi mkabala naye. Mwenyekiti wa bodi anataka neno la mtu wa tatu.

Umeniuliza mara mbili nataka nini katika shamba hili. Nataka mama yangu afe kwenye nyumba yake, siku yoyote atakayoipenda yeye. Kipande sitaki. Nimekujibu, sasa ni zamu yako, na safari hii historia haitatosha.

Kikao ni Alhamisi, tarehe 24 Julai. Mwenyekiti atakupigia simu saa nne na nusu asubuhi na kukuuliza kama Kibii aliwahi kufika kwako, ndiyo au hapana, baba yako akiwa anasikia. Saa za Istanbul na zetu ni moja, kwa hiyo hutasema ulikuwa umelala.

Senge yako,
Linah Jemutai